Mwalimu Mkuu na Kengele Aliyoing'oa

Mwalimu mkuu aliing'oa kengele ya shule kwa sababu, alisema, watoto wa watu hawaitwi kwa chuma kama ng'ombe. Tangu hapo mwisho wa kipindi anautangaza mwenyewe, mlango kwa mlango. Wazazi walilalamika, walimu wakanung'unika, yeye akanunua raba mpya za kutembelea. Hugonga fremu ya mlango kwa vidole viwili, hufuta miwani kwa ncha ya tai, kisha husema kwa sauti laini, "Wapendwa, muda umetimia." Shida ni kwamba kuondoka hajui. Atauliza nani anaumwa, nani mama yake amejifungua, na wewe baba, mbona hujachana nywele?

Kiranja wa darasa la mwisho kabisa kwenye mzunguko huo alikuwa akimwona kwa mbali, anasogea kama konokono mwenye adabu. Mpaka awafikie, mapumziko yameshakwisha, na darasa zima limebana miguu kwa haja ndogo. Siku moja akajikaza, akamfuata.

"Shikamoo, mwalimu. Sisi mapumziko tunayasikia tu kwa wenzetu."

Machozi yakamlengalenga mwalimu mkuu. "Maskini wanangu! Kesho naanza na nyinyi."

Na kweli akaanza nao. Aligonga fremu, akafuta miwani, akaeleza alivyokosa usingizi, kisha akamwomba radhi kila mmoja kwa jina lake. Zamu ya kiranja ilipofika, aliichungulia saa ya mwalimu. Mapumziko yalikuwa yamekwisha, na safari hii shule nzima ilikuwa bado imekaa madarasani, imebana miguu, inamsubiri.