Walinzi kutoka Kanyosha

Mwaka 2002, mwanzoni mwa kiangazi, nilikuwa na miaka arobaini na miwili, na kila alasiri nilikaa darasani na vijana waliolingana na watoto wangu. Jumatatu, tarehe 10 Juni, mume wangu, aliyekuwa mwalimu wa biolojia, alirudi kutoka hospitali na karatasi ya maabara. Aliiweka juu ya daftari langu pale mezani nyumbani, akasema kwa sauti ileile aliyozoea kunisahihishia hesabu: "Somo la leo limenikuta mwenyewe." Ilikuwa saratani ya damu.

Yeye ndiye aliyenianzisha shule, mwaka 1992, kwenye meza hiyohiyo. Kwa hiyo sikushangaa alipougeuza ugonjwa wake kuwa somo. Alinieleza kwamba chembe nyeupe za damu ni walinzi, nao ni wa makundi mawili. Wapo wanaojifunza: hukutana na adui, humsoma, ndipo humshinda. Na wapo wanaozaliwa wakiijua kazi.

"We bibi yangu, uko mu kundi gani?" aliniuliza.

"Mi nilianza shule na miaka makumi tatu na mbili. Niko wa kuzaliwa."

"Ndiyo maana unanigombeza bila kufundishwa."

Walinzi wa kuzaliwa, alisema, hupita wakikagua kitambulisho cha kila chembe, kama sisi tulivyokaguliwa barabarani miaka ile ya vita. Lakini chembe ya saratani ni mtoto wa nyumbani aliyeharibika. Kitambulisho anacho, na mara nyingi walinzi humwacha apite.

Katika chumba cha nyuma cha ua wetu, pale Jabe, mtaa wa Bujumbura, aliishi jirani yetu, mkimbizi kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, aliyeuza sokoni ndagala, wale dagaa wa ziwani. Ugonjwa ulipomwondolea mume wangu hamu ya chakula, sombe ya mama huyo, mboga ya majani ya muhogo, ndiyo pekee iliyompita kooni. Mimi niliyempikia miaka ishirini niliona wivu, na nilimwambia hivyo. Alicheka mpaka akakohoa.

Aliyemtolea mume wangu damu ni kaka yake mkubwa, mkulima wa Kanyosha, nje kidogo ya mji. Kila alipoitwa alikuja, hata siku ambazo milio ya bunduki vilimani ilimlazimu kujificha njiani na kufika hospitali akiwa na matope hadi magotini.

Tarehe 19 Novemba tulipata barua kutoka Ubelgiji. Aliyeiandika alikuwa mwanafunzi wa zamani wa mume wangu, sasa akisomea udaktari. Alieleza kwamba huko Ulaya kuna madaktari wanaojaribu kuchukua walinzi wa kuzaliwa kutoka damu ya ndugu mzima na kumpa mgonjwa, kwa matumaini kwamba mlinzi aliyetoka nyumba ya pili hatadanganywa na kitambulisho kile. Ni majaribio tu, aliandika, wala hakuahidi kitu. Mume wangu aliisoma mara mbili, uso ukimng'aa kama siku ya matokeo ya mtihani. Kisha akanikabidhi.

"Mukubwa wangu asiisikie hii. Atauzisha shamba, ataniweka mu ndege, na mi nitafia mu njia. Niahidi."

Nilimwahidi. Alifariki Jumanne, tarehe 18 Februari 2003, asubuhi.

Baada ya maziko shemeji, yule kaka yake, alisimama mbele ya watu. "Damu ya mutu muzima haiharibike yenyewe," alisema. "Kuna mwenye alimulisha sumu." Hakumtaja mtu, na hapakuwa na haja: wote walijua marehemu alikuwa akila sombe ya nani. Kwetu msiba hufungwa rasmi baada ya kama mwaka mmoja, na mkubwa wa ukoo ndiye hutamka kwamba kilio kimekwisha. Alisema hatalitamka neno hilo maadamu mwanamke yule yumo uani mwangu.

Nilikataa kumfukuza. Lakini watu waliacha kununua ndagala zake, na Januari 2004 nilimkuta akifunga mizigo.

"Mama Mwalimu, mi naenda. Hata chumvi yangu mutu haombe tena."

"Utaenda wapi? Uvira kunawaka. Fungua mizigo. Kesho naenda Kanyosha."

Kesho yake ilikuwa Alhamisi, tarehe 15. Nilivaa vazi langu zuri la msiba, nikabeba bahasha yenye ile karatasi ya maabara na ile barua ya Ubelgiji. Mbele ya shemeji niliisoma karatasi yote kwa Kifaransa, kisha nikaitafsiri mstari kwa mstari, nikijivunia kila neno. Yeye aliendelea kumenya muhogo.

"Shemeki, karatasi yako inajua kuhesabu. Haijue nani alipika."

Niliinuka niondoke. Ndipo akasema, bila kunitazama: "Nilitoa damu mara ngapi? Na haikusaidia. Kama si sumu, niambie, ilikuwa nini?"

Nikakaa tena. Nikamwomba marehemu msamaha kimoyomoyo, nikamsomea barua. Kisu kilisimama.

"Walinzi wa ndugu," akasema. "Ni kusema, wangetwaa wangu?"

"Wako, kama wangefaa. Nao madaktari wenyewe hawajui bado."

"Na mi nilikuwa hapa, nalima. Kwa nini hamukuniambia?"

"Alikataza. Alisema utauzisha shamba."

"Ningeuzisha!" alipiga kelele, na mke wake akatokeza kichwa mlangoni. "Ningeuzisha na hii nyumba! Ule mutoto alinijua vibaya!"

"Alikujua vizuri," nikamjibu.

Alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Kisha aliniuliza tu tarehe ya kufunga msiba.

Siku hiyo ilifika Jumamosi, tarehe 21 Februari 2004. Ua ulijaa. Kwa desturi yetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ujue hakina sumu. Shemeji alikataa pombe ya mtama iliyoletwa na binti zake, akaomba amiminiwe na jirani. Mama yule alikuja, akainua kibuyu aonje.

"Apana, mama," shemeji alisema. "Usionje. Leta."

Alikunywa mpaka nusu, akasimama. "Mudogo wangu aliuawa na ugonjwa wa damu. Mutu hakumuua. Kilio kimekwisha." Kisha akafuta mdomo na kumuuliza jirani, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni, kama siku hiyo alikuwa amepika sombe.