Futi Tatu, Mita Moja

Papa Héritière hakuwa mjinga. Nasema mapema, maana hapa mtaani Bellevue midomo haina kazi, na wengi waliomsema hata msumari hawajui kuupigilia.

Jina lake Jacques, seremala kutoka Butembo, Kongo. Tulipanga nyumba moja kuukuu iliyogawanywa vyumba: yeye, mkewe Thérèse na binti yao Héritière wa miaka mitatu upande wa nyuma, mimi chumba kinachofuata. Waliniita Mwalimu Mwatumu, kwa kuwa nilifundisha hesabu Tanga kabla maisha hayajanileta huku kushona nguo. Jacques alizoea kupima mbao kwa futi. Alipofika Johannesburg akakuta kila mtu anasema mita, basi akajiwekea kanuni: futi tatu, mita moja. Kwa miguu ya meza ilimtosha kabisa. Nilikuwa namtania kwamba hata mwanawe anamlea kwa futi, naye anacheka, anamsimamisha Héritière mlangoni na kuweka alama ya penseli juu ya kichwa chake.

Mwaka 2017 kanisa lao likampa kazi ya mabenchi, kazi yake kubwa ya kwanza. Akanunua mbao, akazirundika stoo ya nyuma, ubao mwembamba tu ukizitenga na kitanda cha mtoto. Wiki mbili hazijaisha, akaona unga chini ya rundo. Bungua walikuwa wanazila mbao zake. Alihangaika yule baba! Mtu mmoja wa mtaa wa Berea akamuuzia vidonge vinavyotoa hewa ya sumu, vimefungwa kwenye gazeti, akamwambia kimoja kwa kila mita ya ujazo. Maonyo yalibaki kwenye kopo.

Jumamosi asubuhi niko kwenye cherehani, akaniuliza kutoka uani.

"Mwalimu, futi tatu ni mita moja, au?"

"Ndiyo, Papa Héritière. Leo umesahau?"

Sikuuliza anapima nini. Mungu anisamehe, hata kichwa sikuinua.

Rundo lilikuwa futi sita kwa sita kwa nne, yaani futi za ujazo mia moja arobaini na nne. Akagawanya kwa tatu, akapata arobaini na nane. Lakini ujazo haugawanywi hivyo jamani! Sanduku la mita moja kila upande linameza futi za ujazo thelathini na tano. Rundo lile lote lilikuwa mita za ujazo nne tu. Wanafunzi wangu wa darasa la saba wangemwambia, na mimi ningemwambia, kama ningeuliza. Hata vidonge vinne havikufaa kuwekwa katika nyumba ya watu. Yeye aliweka arobaini na nane, akafunika rundo kwa plastiki, akaenda kununua gundi.

Mchana nikasikia harufu kama ya kitunguu saumu. Nikadhani Thérèse anapika. Kumbe Thérèse alikuwa uani anafua, na mtoto amelala tangu saa saba. Alipoingia kumwamsha, nilisikia beseni likianguka, kisha sauti ambayo sitaki kuielezea. Hospitali walituambia tumechelewa.

Jacques hakutaka jeneza la dukani. Mbao za mabenchi hakuzigusa. Aliomba mbao mpya kwa jirani, akasimama nazo uani muda mrefu. Kisha akanipa futikamba.

"Pima wewe, mwalimu. Mimi sipimi tena."

Nilichukia kuishika. Nilikwenda mlangoni kwao, penye zile alama za penseli, nikapima ya juu kabisa, nikaongeza vidole viwili ili mtoto asibanwe. Nikarudi, nikamwambia ni futi tatu na inchi tatu.

Aliziangalia mbao.

"Mita moja," akasema.

Safari hii alikuwa amepatia.