Mama Hajambo, Anakusalimia

Nilipopewa kazi ya kumtafutia wateja mama mmoja wa Kibirizi anayekausha dagaa kwenye vichanja, nilijiona nimepata bahati. Bosi wangu huyo alikuwa amechoka kuwauzia wachuuzi wanaokuja mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, kugombana naye. Alitaka mnunuzi mmoja mkubwa wa mjini, mwenye maduka, anayechukua mzigo kila mwezi bila kelele. Aliniambia wazi kwamba akimkosa kabla mvua hazijaanza, atarudi kwa wachuuzi wake na mimi nitatafuta kazi nyingine.

Nami kazi nyingine sikuwa nayo. Mama yangu alikuwa amefariki mwaka huohuo, na ndugu zangu walipomaliza matanga walirudi kwao, mmoja Dar, mwingine Tabora. Walitaka nyumba ya mama hapa Ujiji ipangishwe. Niliwaomba waniache niishi humo, wakakubali kwa shingo upande: nikiwa na kazi ya kunipa pesa za kuitunza, nikae, nikikosa, apewe mpangaji. Kwa hiyo dagaa wale ndio waliokuwa wameshika paa juu ya kichwa changu.

Nilifanyia kazi kwenye chumba cha mbele, laptopu juu ya meza ya kulia, mlango umeegeshwa. Mtandao niliotumia ni ule wa watu wa maofisini, ambako kila mtu amevaa koti kwenye picha na kila mtu ni mtaalamu wa kitu fulani. Nilitafuta mameneja manunuzi wa maduka na hoteli, nikawawekea programu ya kuwatumia meseji yenyewe, moja baada ya nyingine, siku nzima. Maneno niliyatoa kwenye video za watu wanaofundisha kuuza. "Habari, nimevutiwa na safari yako ya uongozi. Je, una dakika chache tuzungumze fursa?" Wengine ilikosea kuwachukulia majina, wakapata "Habari Jina la Kwanza". Aliyenijibu ni mmoja, na jibu lake lilikuwa neno moja: "Acha."

Baadaye mtandao wenyewe ulinifungia akaunti kwa muda, kwa kuwa nasumbua watu. Nilikasirika kama mtu aliyesingiziwa. Nilikwenda Kibirizi nikamlalamikia bosi wangu, aliyekuwa anageuza dagaa kwa mikono miwili juu ya wavu. Hakuinua hata macho.

"Unawarukia watu kama inzi," alisema. "Wewe ukienda kwa mtu na shida yako, unaimwaga mlangoni?"

Hilo nililijua tangu utotoni, nilikuwa nimelisahau tu. Kwetu mwenye shida huja mara ya kwanza kusalimia. Anakaa, anauliza watoto, anauliza wazazi, anakunywa maji, anaaga. Mwenyeji anajua kabisa kuna jambo nyuma ya salamu hizo, lakini anamwacha aende zake. Siku ya pili akirudi ndipo shida inatajwa, na kwa kuwa ameshakaa kwenye kiti chako, huwezi kumfukuza.

Akaunti ilipofunguliwa niliipanga programu upya kwa desturi hiyo. Meseji ziwe chache, za asubuhi tu. Ya kwanza isiombe kitu chochote: inasalimia, inasema naandika kutoka Ujiji, inamwuliza mtu kazi na nyumbani, basi. Asiyejibu asifuatwe. Anayejibu ajibiwe salamu zake kwanza, siku kadhaa zipite, ndipo dagaa watajwe. Na mtu akitamka mwenyewe dagaa, bei au mzigo, programu inyamaze na kuniita mimi.

Majibu ya salamu niliyaandika mwenyewe, na yalikuwa kazi rahisi kuliko zote, kwa sababu majibu ya salamu yanajulikana. Nyumbani ni salama. Watoto hawajambo. Kazi tunashukuru Mungu. Nilipofika kwenye mama, vidole vilisita. Mama yangu alikuwa na tabia ya kupaza sauti kutoka chumbani kila nilipokuwa kwenye simu: "Ni nani huyo? Nisalimie!" Hata kama ni mtu wa benki. Nikaandika: "Mama hajambo, anakusalimia." Nililia kidogo, nikapenga kamasi, nikaendelea na kazi. Ningeandika nini kingine? Mtu hujamwona hata sura, anakusalimia kwa adabu, wewe umbwagie msiba?

Programu ilianza kupokewa vizuri. Watu walijibu, tena kwa furaha. Kila asubuhi nilikuwa nawasalimia watu wa Mwanza, Dodoma na Lusaka bila kufungua mdomo, na ikifika jioni nagundua kwamba neno pekee nililosema kwa sauti siku hiyo ni "asante" kwa muuza mawese. Mtaani nilikuwa nakwepa. Nilijua nikitoka nitapewa pole, na pole zilikuwa zinaniumiza. Baada ya muda hata hizo zilikwisha, nikabaki na nyumba iliyotulia mno. Nilipika ugali wa muhogo wa mtu mmoja, na bado ulibaki.

Kisha siku moja programu iliniita. Mtu alikuwa ametamka dagaa.

Alikuwa meneja manunuzi wa kampuni yenye maduka kadhaa Dodoma, mtu mzima, kichwa kimeanza mvi kwenye picha. Ujumbe wake ulisema: "Mwanangu, nakuja Kigoma kwa shughuli za kifamilia. Nitapita Ujiji nimsalimu mama kwanza, kisha unipeleke nikaone hao dagaa."

Nilishangilia peke yangu mle chumbani. Halafu nikapandisha mazungumzo juu kuona tulianzaje, na furaha ikanikauka. Mtu huyu alikuwa mzaliwa wa Mwamgongo, kijiji cha ziwani huku kwetu Kigoma. Tangu alipoona neno Ujiji, alikuwa anaandika kila asubuhi, akianza na salamu ya Kiha ya kuamkiana. "Mwakeye! Ziwa limeamkaje? Mama hajambo?" Na kila asubuhi alijibiwa: "Mama hajambo, anakusalimia." Aliandika kwamba huko Dodoma amepanga peke yake. Aliandika kuhusu watoto wake walio mbali, kuhusu hamu ya migebuka, samaki wa ziwa letu. Aliandika, "Mwambie mama simfahamu lakini namwombea afya." Jibu: "Mama hajambo, anakusalimia."

Nilifunga laptopu. Kesho yake nilikwenda kumweleza bosi wangu, naye alishika kiuno.

"Mwambie kwamba mama amesafiri."

"Amesafiri kwenda wapi?"

"Si Kagunga, kwa ndugu. Mwanangu, mvua hizo zinakuja. Tukimpoteza huyu basi tena."

Nilimwondoa kwenye programu ili isimjibu tena. Asubuhi iliyofuata aliandika, "Mwakeye! Mama hajambo?" Iliyofuata pia: "Naona kimya, mama hajambo lakini?" Kwa mara ya kwanza salamu zake zilinifikia mimi mwenyewe, na sikuweza kuzijibu. Niliandika mara nyingi kwamba amefariki, nikafuta. Mwisho nikaona jambo hilo atalisikia mdomoni mwangu, akikasirika akasirike nikiwa mbele yake.

Alikuja asubuhi, kwa miguu kutoka barabarani, na mfuko mkononi. Alipiga hodi kwa sauti ya mtu wa nyumbani.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Mwakeye."

Alivua viatu, akaketi, akatoa vilivyomo kwenye mfuko: sukari, sabuni, na kitenge kipya, bado kimekunjwa kama kilivyotoka dukani. Aliviweka mezani kando ya laptopu, akatazama mlango wa ndani.

"Mama tumwamshe, au tumwache apumzike?"

"Mama alifariki, baba. Kabla hata mimi na wewe hatujaanza kusalimiana."

Sikungoja aniulize. Nilianza kulia palepale, kilio kibaya cha kwikwi, ambacho tangu matanga nilikuwa sijakilia mbele ya mtu. Hakunikatiza wala hakuangalia saa. Nilipotulia ndipo akasema pole, polepole, mara kadhaa.

"Nimekuelewa," alisema. "Mgeni akikuuliza, humwagi msiba mlangoni. Hata mimi ningesema hajambo."

Nilihisi mzigo umeteremka. Nilikwenda kumletea maji, niliporudi nikamkuta anakitazama kiti changu na meza yangu, kama mtu anayepalinganisha mahali na alivyopafikiria.

"Ndipo hapa ulipokuwa unakaa ukinijibu kila asubuhi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe ni fupi, na bosi wangu angenibusu mikono. Lakini mtu yule alikuwa ameniacha nilie mpaka nikamaliza.

"Hapana," nilisema. "Ni programu. Nimeipanga ijibu watu salamu. Wewe nimekujua siku uliyotaja dagaa."

Alishika glasi bila kunywa. Aliirudisha mezani, kando ya kitenge. Nikatambua kwamba nimemfanya mtu afiwe na rafiki wa kila asubuhi. Mwishowe aliuliza taratibu, "Hata zile dua nilizokuwa namwombea mama?"

"Sikuziona, baba. Nimezisoma baadaye."

Alivaa viatu, akasema twende Kibirizi.

Huko alikuwa mnunuzi hasa. Alichota dagaa kiganjani, akanusa, akavunja mmoja, akatafuna, akaingiza mkono hadi chini ya gunia kuona kama kuna mchanga. Alizungumza na bosi wangu Kiha na Kiswahili kwa mchanganyiko, wakakubaliana lori kila mwezi, na bosi wangu akapiga kigelegele kimoja mpaka wachukuzi wakageuka. Alinikumbatia. Nilijua nyumba imebaki kwangu.

Nilimsindikiza mgeni hadi barabarani. Alinipa mkono kwa heshima.

"Dagaa wenu ni safi, nitachukua," alisema. "Ila salamu tuziache. Wewe niandikie kilo, na siku gari linapotoka. Inanitosha."

Ndivyo tunavyofanya hadi leo; programu nimeizima. Namwandikia kwa mkono wangu mwenyewe, kilo na siku, naye anajibu "Nimepata". Bosi ameongeza vichanja, ndugu zangu hawazungumzii tena mpangaji. Mara nyingine asubuhi naandika "Mwakeye", naitazama, naifuta, kwa sababu aliniomba na ana haki.

Hapa Ujiji kila mtu alimzika mama yangu, kwa hiyo hakuna awezaye kuniuliza habari zake. Mgeni yule ndiye alikuwa mtu wa mwisho duniani wa kuniuliza kama mama hajambo.