Mizizi ya Leleshwa

Isaiah Awiti hakuchoma nyama kwa makaa ya mizizi. Makaa ya matawi aliyapokea, kwa kuwa leleshwa, kile kichaka cha majani ya kijivu, ikikatwa juu huchipuka tena. Ikichimbwa, imekwisha.

Sheria hiyo hakuisoma popote. Kila mwezi Wachira, mwenye bucha ya nyama choma karibu na Adams Arcade jijini Nairobi, ambako Awiti alikuwa mchomaji, alimtuma kununua mbuzi kwenye miteremko mikavu ya mlima wa zamani wa volkano, ng'ambo ya Ngong. Huko udongo ni majivu na changarawe nyeusi, na hakuna mmea unaoishi peke yake. Leleshwa hutangulia kuota. Mishubiri hujificha kivulini mwake, nyasi hushika vumbi lisipeperuke, na mbuzi hupata malisho. Kisha wachoma makaa wakaja na sururu. Safari iliyofuata Awiti alikuta mashimo, mishubiri imebabuka juani, na mvua imeteremsha majivu hadi barabarani. Wafugaji walikuwa wamehama na mbuzi wao.

Ijumaa moja alifungua gunia jipya jikoni. Vipande vilikuwa vinene, vyenye mafundo: mizizi. Akalifunga, akaliburuta hadi mlangoni. Wateja walikuwa tayari wameagiza.

Wachira alimsihi kwanza, kwamba hakuna moto kama huo na wateja wanaujua kwa harufu. Aliposhindwa, akauliza mbele ya wote, "Mzee, wewe ni mchomaji ama pasta wa vichaka?" Meza zikacheka. "Wateja hawali mizizi. Wanakula nyama."

"Na nyama inakula nini, bosi?"

Wachira akasema gunia lirudi jikoni ama Awiti aondoke. Awiti akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya gunia.

Wapo wanaomwita mkaidi. Mkaidi hutetea tumbo lake. Awiti alitetea mlima ambao hana hata kishamba juu yake.

Gunia lilichomwa jioni ile ile, na nyama ikasifiwa. Alijua itakuwa hivyo, na bado alitoka.

Leo anachoma mahindi mtaani Jamhuri, kwa makaa ya miwati, miti ya kupandwa. Wachira amemwita tena, na jibu halijabadilika: mizizi itoke kwanza. Msimamo huo umemgharimu jiko alilolijenga kwa mikono yake, jina alilokuwa nalo Ngong Road nzima, na nafasi ya binti yake Emmah katika shule ya bweni.