Nilimpigia magoti baba mkwe katikati ya mtihani wa MBA, ikabidi niamue: narudia au naacha?

Wakuu, mwangaluka.

Kwa wasiojua Kisukuma, hiyo ni salamu ya asubuhi. Ishikeni vizuri maana uzi wote huu umesimama juu yake.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Bariadi. Majina ya wakubwa sitaji, kwa sababu mume wangu naye yumo humu, ni wale wanaosoma tu bila kuandika. Nikitia chumvi atanisuta kwenye comments, kwa hiyo mjue mnapata kitu kilichonyooka.

Twende.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, binti yetu anaitwa Holo. Nakaa Somanda, nafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Kazi yangu ni kupanga magari: lori lipi liende kijiji gani, lini, lirudi na mzigo kabla mvua haijaukuta. Naijua kazi yangu na sioni aibu kusema hivyo. Msimu ukianza simu yangu haipoi.

Wazo la MBA nilikuwa nalo siku nyingi. Siyo ili niitwe madam. Kila mwaka naona marobota ya pamba yanapakiwa yanaondoka Simiyu, yanakwenda kuwa nyuzi na vitambaa kwa watu wengine, halafu sisi tunakuja kuuziwa mashuka. Nikasema hiyo biashara ya huko mbele lazima niijue.

Nikapata chuo kimoja nje ya nchi, kozi ya mwaka mmoja. Wanatoa scholarship, ila wanaangalia sana alama za mtihani wa kuingilia. Bila scholarship kwangu safari haipo, mambo yanaishia hapo.

Mtihani wenyewe unafanyika kwenye kompyuta. Una sehemu tatu: hesabu, lugha, na kusoma data. Unaweza kuufanyia nyumbani, ila camera iwe imewashwa, na kuna msimamizi wanamwita proctor, yuko huko aliko anakutazama. Masharti yake ni makali. Uwe peke yako chumbani, usiongee, usitoke mbele ya camera.

Nikajiandaa kweli kweli. Nilisoma miezi mingi, asubuhi kabla ya kazi, na Jumapili baada ya ibada.

Siku yenyewe dada wa kazi akamchukua Holo wakaenda kwa jirani. Mume wangu, Baba Holo, akapewa kazi moja tu: kukaa getini asiingie mtu. Nikaanza na hesabu, nikamaliza. Nikaingia sehemu ya lugha.

Wakati huo Baba Holo ametoka mara moja kununua bando, eti network ikikata tuwe na ya akiba. Nia njema kabisa. Sema wageni wa kwetu wana kipaji cha kuingia dakika hiyo hiyo.

Nikasikia geti. Nikasikia viatu. Halafu dirishani, sauti ninayoijua:

"Mwangaluka, ng'wana wane!" Yaani, mwanangu.

Baba mkwe. Katoka Kimali huko Meatu, kapanda basi alfajiri, hajapiga simu, na mkononi ana jogoo.

Nikanyamaza. Macho kwenye screen.

"Mwangaluka!"

Hapa wasio Wasukuma mnivumilie kidogo. Baba mkwe akikusalimia, mke wa mwanawe unashuka chini, unapiga magoti, unaitikia. Hakuna "subiri kidogo". Nimelelewa hivyo na mama yangu, na mama yangu alilelewa hivyo na bibi. Dirisha liko wazi, mzee ananiona nimekaa kwenye kiti kama nimesusa.

Akasalimia tena, safari hii taratibu, kwa sauti ya mtu anayejiuliza amekosea nini.

Wakuu, magoti yalishuka yenyewe. Nilijikuta chini ya meza, "Mwangaluka baba, mwangaluka," na kwenye camera kimebaki kiti kitupu.

Niliporudi juu, proctor ameshaandika kwa herufi kubwa. Nirudi mbele ya camera, nisiongee na mtu, hilo ni onyo na halina la pili. Dirishani mzee naye anaendelea, "Kumbe unasoma! Haya soma mama, mimi nakaa hapa kibarazani." Akakaa, akaanza kumsemesha jogoo.

Nikamaliza mtihani hivyo hivyo.

Alama zikatoka. Sitaziandika maana najua mtaanza kulinganisha na za shemeji zenu. Itoshe kusema kuingia chuo ningeweza kuingia, ila scholarship ilikuwa ndoto. Nililia, sifichi.

Sasa ndipo kisanga kilipoanza.

Baba Holo kwa uchungu wake akampigia baba yake: "Baba, siku nyingine uwe unapiga simu kwanza. Umemharibia mtihani." Mzee akasema, "Nimesikia." Akakata.

Kuanzia hapo hakuja tena.

Huyu ni mzee ambaye akija mjini kwa lolote, hata kununua dawa ya ng'ombe, lazima afike kwetu ambebe Holo. Mwezi ule akaja Bariadi mnadani, akalala kwa ndugu mwingine, akarudi Kimali. Habari nilizipata kwa mama anayeuza ndizi stendi. Holo alikuwa ameshaanza kuuliza, "Babu yuko wapi?"

Na huku chuo dirisha la application linakaribia kufungwa. Utaratibu unaruhusu kurudia mtihani baada ya muda mfupi. Niamue.

Upande mmoja, kila mtu alinipa sababu ya kurudia: "Siyo wewe, ni yule mzee." Jirani mmoja akaenda mbali zaidi, akaninong'oneza kwamba kuna wageni huja na mkosi, niende kwa mganga kabla ya kurudia. Nikamwambia jogoo tulimla na hatukuumwa tumbo.

Upande wa pili, ofisini waliposikia nafikiria kurudia wakaanza, "Kumbe unareseti?" Mnajua hilo neno huku kwetu linavyonuka. Anayereseti ni aliyefeli form four. Uwaeleze kwamba mtihani huu hauna kufeli wala kufaulu, kwamba wenzetu wanaurudia kama kawaida, hawakuelewi.

Lakini hayo yote ningeyameza. Kilichonikaba ni kimoja. Nikirudia, baba mkwe ataelewa kwamba ni kweli, salamu yake ndiyo iliyoniharibia. Mzee wa watu atakufa na hilo moyoni. Nisiporudia, scholarship kwaheri.

Siku moja nikaacha kulia, nikaitazama ile ripoti ya matokeo kama ninavyotazama ratiba ya malori. Wanakuonyesha kila sehemu umefanyaje.

Wakuu, sehemu ya lugha, ile aliyokuja mzee, ndiyo niliyofanya vizuri kuliko zote.

Nilikaa nayo. Nikaisoma upya nikidhani nimekosea mstari. Iliyoniangusha ni hesabu, na hesabu nilikuwa nimeshaimaliza kabla geti halijafunguliwa. Swali likinishinda nilikuwa naling'ang'ania mpaka nilipate, dakika zinaondoka, na maswali mepesi ya mwisho nikayajibu kwa kubahatisha.

Tatizo lilikuwa mimi, na niliposema hivyo nikafurahi. Tatizo la mzee kuja siwezi kulifanyia mazoezi, la kwangu naweza.

Jumamosi nikapanda basi mpaka Mwanhuzi, nikachukua bodaboda mpaka Kimali.

Nilimkuta zizini anamtazama ndama mmoja mguu. Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi, nikasalimia. Akaitikia, lakini kwa kifupi, na mzee huyu hajawahi kusalimia kwa kifupi tangu nimjue.

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo baba. Anakuulizia."

Akamrudia ndama wake.

"Baba, nataka kurudia ule mtihani."

"Kwa sababu yangu."

"Hapana. Nimekuja kukwambia siyo kwa sababu yako. Ulipofika nilikuwa nimeshaharibu. Tena pale ulipokuja ndipo nilipopata nyingi."

Akanyanyuka akanitazama. Nadhani alikuwa anapima kama namfariji tu.

"Yule mtu wa kwenye kompyuta, aliyekugombeza. Alinisikia nikisalimia?"

"Alikusikia baba."

"Na hakuitikia?"

"Hakuitikia."

Akatikisa kichwa muda mrefu. "Na huyo ndiye anasimamia watu wenye elimu."

Nikacheka mpaka nikaegemea nguzo ya zizi. Naye akacheka, na nikajua tumepona.

Halafu akauliza kile kilichonishinda kilinishindaje. Nikamweleza habari ya kung'ang'ania swali moja. Hakushangaa hata kidogo. Akamwita mama mkwe, "Njoo usikie! Bado ni yule yule!" Wakanikumbusha mwaka nilioolewa, walinipeleka kupalilia pamba, wenzangu wamemaliza wamekwenda kunywa uji, mimi bado niko mstari wa kwanza nang'oa jani moja moja na mizizi yake. Kumbe ukweni walishaniona zamani, wakaninyamazia kwa heshima.

Wakati naondoka akasema, "Siku ya mtihani nitakuja."

Nikasema karibu baba, maana ningesema nini?

Nikarudi, nikafanya mazoezi ya kitu kimoja tu: kuacha. Swali likigoma, unakisia, unasonga mbele. Msidhani ni rahisi. Kwa mtu wa jembe, kuacha jani nyuma yako ni dhambi. Nilikuwa naacha swali huku roho inaniuma.

Siku ikafika. Mzee akaingia asubuhi na mapema, ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya geti, kofia kichwani, fimbo magotini. Nikatoka, nikaanza kushuka nimsalimie.

Akanyoosha mkono. "Bado. Nenda kamalize kwanza."

Hata "mwangaluka" hakunipa.

Nikaingia. Hesabu ya kwanza, ya pili, nikakutana na jitu moja la swali. Nikalitazama. Nikaliacha. Nikakutana na lingine, nikaliacha. Nje nilisikia bodaboda inapunguza mwendo, nikamsikia muuza dagaa anaanza kuita halafu sauti inakatika katikati. Baada ya hapo kimya, Somanda nzima kama Ijumaa Kuu.

Nilipobonyeza mwisho, alama zikaja. Wakuu, zilipanda, na zilipanda pale pale kwenye hesabu.

Nikatoka nje. Baba Holo yuko kando anacheka peke yake. Anasema mzee tangu asubuhi kazi yake ilikuwa kidole mdomoni. Kila aliyepita akisalimia, mzee anaweka kidole mdomoni na kuonyesha nyumba kwa fimbo. Mzee wa kanisa jirani yetu alisalimia, hakujibiwa, akaenda kuuliza kama kuna msiba.

Fikirini mtu aliyeitikia kila salamu aliyopewa maisha yake yote, watu wanapita, yeye amefunga mdomo. Kwa ajili ya mke wa mwanawe. Machozi yakanitoka.

Jua lilikuwa limeshavuka utosi. Nikapiga magoti.

"Mwadila baba." Hiyo ndiyo salamu ya mchana.

Hapo akafunguka kama bomba lililozibuliwa. Mwadila! Mhola, hamjambo? Nyumbani? Mtoto? Kazini? Mvua ya huku? Wazazi wako? Nami naitikia moja moja, magoti kwenye kokoto, na sikutaka iishe. Holo ameletwa tayari kakaa mapajani kwake.

Alipomaliza zote, akainama kidogo.

"Na yule wa kwenye kompyuta, leo amesalimia?"

"Hapana baba."

"Basi tumwombee." Hapo ndipo akauliza matokeo.

Mpaka naandika hapa, chuo wamenijibu ndiyo na scholarship wamenipa. Naondoka msimu ukiisha. Dada wa kazi atabaki na Holo na baba yake, na babu ameshasema atakuwa anakuja bila kupiga simu, tusimzuie.

Nilichojifunza, kwa wanaojiuliza kama warudie mtihani wao, uwe wa biashara, sheria au wowote: usirudie kwa sababu watu wamekupa mtu wa kumlaumu. Kaa na matokeo yako, tafuta ulipoangukia hasa. Ukipaona, na ukajua utafanya nini tofauti, rudia kifua mbele, waache waite kureseti. Usipopaona, utarudia na kupata kile kile. Na kama kuna mtu amebebeshwa kosa lako, nenda ukamtue kabla ya kulipia mtihani wa pili.

Nani mwingine amefanyia mtihani nyumbani kwa Mswahili? Tupeni mikasa yenu, na mwenye swali la maandalizi aulize, nitajibu yote.

Ila ukiingia kwenye uzi wangu, salimia kwanza. Humu hakuna proctor.