Ukurasa wa Asali na Maji

Chumba kile kilikuwa na baridi ya jokofu na mlio mdogo wa mitambo usiokatika, na hata leo nikiusikia mlio wa aina hiyo roho hunywea. Kilikuwa kiangazi changu cha kwanza Marekani. Mama alikuwa amepata kazi jikoni katika jumba moja la makumbusho mjini Washington, na kwa kuwa nyumbani kwetu Herndon, nje ya mji, hapakuwa na wa kuniangalia, alikuja nami kila asubuhi, akaniacha kwenye benchi la chumba cha maonyesho. "Usitoke hapa, Zuhura. Nikiwa break nakuja." Baba alikuwa amebaki Tanga akingoja viza. Sikuwa na rafiki hata mmoja, na Kiingereza kilinipita kando tu. Upweke ulinizidi hata nikaanza kuwasalimia walinzi kwa macho.

Mbele ya benchi, ndani ya kioo, palikuwa na ukurasa wa kale wa maandishi ya Kiarabu, na katikati yake picha: mtu mmoja anakoroga chungu, mwenzake ameshika kikombe. Nilishtuka. Chuoni kwetu Tanga, nilikosoma Kurani, herufi zile nilizijua ndani ya msahafu tu, na msahafu hauchorwi watu. Nikapiga bismillahi kimoyomoyo, nikajiuliza ni sura gani hii yenye jiko. Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Muulize baba yako, yeye ndiye mwalimu wa chuo. Mimi vyungu vya jikoni vinanitosha."

Simu ya baba ilikuwa kitochi, picha haiingii. Basi kila mama alipopumzika, alinipa simu yake, nikasimama kwenye kioo, nikamtajia baba herufi mojamoja, kwa kuwa maneno hayakuwa na irabu na bila irabu sikujiweza.

"Aini, sini, lamu."

"Asali hiyo! Endelea, mwanangu. Haraka haraka haina baraka."

Kidogo kidogo tukajua kuwa si sura, ni dawa ya kifua: asali, maji, moto mdogo. Nikamuuliza wale watu wanaitwa nani.

"Maandishi hayamtaji mtu yeyote."

"Mbona wapo, baba?"

Akafikiri. "Mwandishi alimaliza yake, akamwachia mchoraji nafasi. Mchoraji naye alijua dawa haijipiki. Nikija tutautazama pamoja."

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mimi nilikataa, kwa kuwa la baba lilikuwapo pale kila mchana. Kisha asubuhi moja, kabla hatujaufikia mstari wa mwisho, nikakuta ukurasa mwingine. Ule wa kwetu ulikuwa umepelekwa gizani upumzike, usiharibiwe na mwanga. Nililia hadi mama akadhani nimepigwa. Viza nayo ilikataliwa, ikakataliwa tena.

Sasa ninaishi mji wa Columbia, hukuhuku Marekani, na Kiarabu ninajisomea. Jumba lile limeuweka ukurasa mtandaoni, na yeyote anaukuza kwa vidole viwili. Simhitaji mtu anisomee, na wepesi huo haujawahi kunifurahisha. Mwezi uliopita wanafunzi wa baba walimnunulia simu kubwa, nami nikamtumia ukurasa mzima, nikampigia.

"Naona weupe tu, mwanangu. Macho yamekwisha. Hebu niambie kuna nini."

Nikamsomea hadi mstari wa mwisho, kisha nikamweleza picha. Nilipomaliza, hakuna kati yetu aliyekata simu.