Pasi ya Mama na Bili ya Stima

Harufu ya nyama iliyooza ndiyo iliyotuokoa, kwa hiyo sina ugomvi nayo. Tuliishi Dagoretti, katika ploti ya vyumba vya mabati vilivyozunguka ua mmoja, na wapangaji wote tulitumia mita moja ya stima. Kila mwisho wa mwezi bili iligawanywa sawasawa kwa milango. Mwenye ploti, Bwana Gitau, alikuwa na mkono wa birika na mdomo wa kipaza sauti. Bucha yake ilikuwa upande wa barabara, ukuta mmoja na chumba chetu, na kanisani alikaa safu ya mbele akiimba kuishinda kwaya.

Mama aliwapigia watu nguo pasi. Chumba kilinuka wanga na mvuke, na mashati ya makarani yalining'inia hadi juu ya kitanda changu. Pasi hiyo ndiyo iliyotulisha na kunilipia karo. Basi bili ilipopanda ghafla, Bwana Gitau hakujisumbua kutafuta sababu. Alisimama katikati ya ua, kidole kikielekea mlangoni petu.

"Hii bili yote ni ya pasi! Mama Wanjiru, unanimalizia stima. Leta hiyo kitu ama uhame!"

Majirani, ambao Mama aliwapigia mashati kwa mkopo, waliinamisha macho wakatazama viatu vyao. Sijawasamehe hata leo. Mama aliitoa pasi, na yule bwana akaondoka nayo akiishika kwa waya kama panya aliyekufa. Kuanzia siku hiyo Mama alitoka alfajiri kwenda kutafuta vibarua vya kufua Lavington, na mara nyingi alirudi bila kitu.

Mwezi uliofuata bili ilikuja kubwa vilevile. Mtu mwenye akili ya kuku angejiuliza maswali. Bwana Gitau aliamua kwamba tumeficha majiko ya koili, akaingia chumba kwa chumba akiinua magodoro yetu, viatu vyake vya matope juu ya mikeka. Hakupata hata moja. Ijumaa jioni, akiwa amevalia suti ya kwenda harusini Murang'a, alizima swichi kuu, akalifunga sanduku la mita kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni.

"Mtakaa giza mpaka mjue adabu," alisema.

Tulikaa giza. Jumapili harufu ilianza kupenya ukutani, na Jumatatu, aliporudi na kufungua bucha, barabara nzima ilijua. Tuliingia nyuma yake, vitambaa puani. Friza yake, kuukuu, mpira wa mlango umechanika, ilikuwa imejaa nyama iliyogeuka kijani. Waya wake ulipita kwenye tundu la ukuta hadi kwenye mita yetu. Alikuwa ameula umeme wetu bure kwa muda mrefu hata akasahau kwamba ni wetu.

"Mama Wanjiru, hii maneno tuongee pole pole," alinong'ona.

"Tuongee nini? Leta pasi yangu."

Aliileta mwenyewe, mbele ya watu. Hakuomba radhi wala kurudisha hata shilingi. Jioni alituma kilo moja ya nyama ya kutupoza, kutoka friza ileile. Mama aliitupa nje ya geti, na mbwa wa ploti aliinusa akaenda zake.

Sasa mimi ndiye ninayeishi Lavington, katika jengo lenye walinzi, lifti na kamati ya wakazi. Stima ya jengo tunachangia pamoja, na mwezi huu imepanda vibaya. Mwenyekiti wetu, mtu wa tai na Kiingereza cha puani, ametuandikia kwenye kundi la simu kwamba wasichana wa kazi wanapiga pasi kupita kiasi, wakatazwe. Ni mwenyekiti huyohuyo aliyejijengea bafu la mvuke kwenye paa. Niliusoma ujumbe wake mara mbili, nikamwona Bwana Gitau na suti yake ya harusi. Kisha nikajibu kwamba naunga mkono hatua kali: tuzime swichi kuu ya jengo zima Ijumaa, tuiwashe Jumatatu, halafu tuone ni kwa nani kutakakonuka.

Tangu hapo mwenyekiti ananisalimia kwenye lifti kwa heshima kubwa, na habari ya pasi haijatajwa tena.